Jedwali la madeni na stoo: programu tano, kuanzia ninayoipendekeza zaidi

Kijana wa dukani alichagua safu ya majina peke yake, akabofya kitufe cha kupanga kwa alfabeti. Programu ikamuuliza kwa Kiingereza: niongeze na safu za jirani, au niendelee na hii uliyochagua? Akaendelea na aliyochagua. Majina yakajipanga vizuri kutoka A hadi Z, huku madeni na tarehe zikibaki palepale zilipokuwa. Akahifadhi, akazima kompyuta, akaenda kula.

Siku tatu baadaye mzee mmoja akaja mwenyewe kulipa deni la mifuko kumi ya saruji. Karani akafungua jedwali, akamwambia anadaiwa mabati sitini. "Mwanangu, bati mimi sijawahi kuchukua hapa." Tulirudi kwenye risiti na daftari la karatasi, tukasahihisha jina kwa jina kwa siku mbili, na bado kuna madeni matatu ambayo mpaka leo hatujui ni ya nani.

Duka lilikuwa la vifaa vya ujenzi, nami ndiye niliyekuwa natunza hesabu zake. Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue programu gani, siulizi kwanza ana shilingi ngapi. Nauliza ni watu wangapi watagusa hilo jedwali. Kupanga na kuchuja (kuonyesha unayoyataka tu na kuficha mengine) kila programu inaweza. Tofauti iko kwenye kinachotokea pale watu watatu wanapotaka kuliona jedwali moja kwa namna tatu, na mmoja wao ana haraka.

Tukubaliane maneno: hapa "mstari" ni ule wa kulala, yaani mteja mmoja au bidhaa moja na taarifa zake zote; "safu" ni ile inayosimama, kama safu ya bei au ya tarehe.

Kabla sijazipanga, kuna mambo ambayo hakuna programu itakayokuokoa nayo usipoyarekebisha mwenyewe. La kwanza ni mazoea yetu ya risiti. Ukiandika 18,000/= kwenye seli, yaani kisanduku kimoja cha jedwali, kompyuta haioni namba, inaona maneno. Ukijumlisha safu nzima kwa SUM unapata sifuri, na ukiipanga kwa ukubwa, 9,000/= inakaa juu ya 18,000/= kwa sababu tarakimu 9 ni kubwa kuliko 1. Vivyo hivyo kwa "10 mifuko". Andika 10 peke yake, na neno mfuko liwe kwenye safu yake. Namba za simu ni kinyume chake: 0754 inaliwa sifuri ya mbele, inabaki 754, kwa hiyo safu hiyo iweke kuwa ya maandishi kabla hujaanza kuingiza. Tarehe nazo zina hila. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani inasoma 03/04/2025 kuwa tarehe 4 Machi, na 13/04/2025 haiielewi kabisa, inaiacha kama maneno. Unapanga kwa tarehe, nusu ya jedwali inajipanga, nusu inakimbilia chini, nawe unadhani programu ni mbovu. Badilisha mpangilio uwe wa Uingereza, siku ianze mbele, kabla hujaanza kuingiza, jambo hilo limekwisha.

Na bidhaa moja iwe na jina moja. Nimekuta stoo ambamo "saruji", "simenti" na "cement" ni bidhaa tatu. Ukichuja saruji unaona mifuko 40, unaagiza mzigo mwingine, kumbe 110 imelala chini ya majina mengine mawili. Dawa yake ni orodha ya kuchagua ndani ya seli, ili karani achague na asiandike. Programu zote tano hapa chini zinayo.

Nafasi ya kwanza: Google Sheets

Naiweka juu kwa sababu moja kubwa: mwonekano wa kichujio. Kichujio cha kawaida kwenye faili la pamoja kinawabadilikia wote. Karani akichuja madeni ya leo, mtunza stoo aliye upande wa pili anaona mistari yake imepotea, anaanza kuiandika upya. Nimeliona hilo kwa macho, na mwisho wake ni bidhaa zilizoingizwa mara mbili. Mwonekano wa kichujio unamfanyia kila mtu dirisha lake. Unaupa jina, "Madeni yaliyopita siku 30" au "Bidhaa chini ya 10", na ukiufungua jedwali la mwenzako halitikisiki. Tena kila mwonekano una kiungo chake. Ukimtumia mtu akakifungua kwenye kompyuta anatua moja kwa moja kwenye orodha anayoihitaji. Hata uliyempa ruhusa ya kutazama tu anaweza kuchuja kwa muda bila kugusa chochote. Kwa mwenye duka anayetaka kuona hesabu akiwa nyumbani, hiyo ni faraja.

Historia ya matoleo ndiyo ingetuokoa siku ile ya mzee wa saruji. Unarudi jana saa nane mchana, unaona jedwali lilivyokuwa na nani aliligusa, unalirudisha. Pia unaweza kufunga safu ya bei ili karani aione lakini asiibadilishe.

Gharama: bure kwa akaunti ya Gmail, na nafasi ya GB 15 unayoigawana na barua pepe na picha zako. Faili moja linabeba seli milioni 10. Duka linaloandika mistari 100 kwa siku, safu 12, siku 300 kwa mwaka, linatumia seli 360,000. Hutaujaza ukomo huo kabla hujastaafu, ila faili litaanza kuwa zito mapema zaidi, kwa hiyo anza faili jipya kila mwaka.

Udhaifu ni bando. Inaweza kufanya kazi bila mtandao kwenye Chrome, lakini ni lazima uwe umeiwasha hiyo kabla mtandao haujakatika. Baada ya hapo umechelewa. Na haikubali mpangilio wako mwenyewe wa kupanga. Ukiipa miezi kwa Kiswahili itakuletea Agosti, Aprili, Desemba, kwa alfabeti. Itabidi uongeze safu ya namba za miezi pembeni.

Nafasi ya pili: Microsoft Excel

Kwa mtu mmoja anayekaa na jedwali peke yake, Excel ndiyo bora, na kama dukani kwako ni wewe tu, ipandishe iwe ya kwanza. Nguvu yake watu wengi hawaigusi, kwa sababu wanaandika kwenye ukurasa mtupu na kuwasha vichujio juu yake. Kichujio cha namna hiyo kikikuta mstari mtupu katikati kinaishia hapo, na walio chini yake wanasahaulika. Simama ndani ya data yako, bonyeza Ctrl pamoja na T, uifanye jedwali kamili. Hapo mstari mpya ukiuandika chini unaingia wenyewe, vichwa vya safu vinabaki vinaonekana unaposhuka, na ukipanga kwa safu moja mistari yote inahama na wenzake. Ule msiba wa kijana wetu kwenye jedwali la namna hii haupatikani kirahisi.

Miezi ya Kiswahili inaielewa: unaiingiza mara moja kwenye orodha maalumu, Januari hadi Desemba, na kuanzia hapo ukiichagua orodha hiyo unapopanga, inapanga kwa kalenda. Fanya hivyo hata kwa siku, au kwa hatua za oda kama "imepokelewa, imepakiwa, imefika". Unaweza pia kuchuja kwa rangi ya seli. Na tangu toleo la 2013 unaweza kuweka vitufe vya kuchuja juu ya jedwali, vikubwa, ambavyo hata asiyezoea kompyuta anabofya jina la tawi na kuona ya tawi hilo.

Jambo moja linalowaumiza wengi, nalo lipo Excel, Sheets na Calc sawasawa: SUM inajumlisha hata mistari iliyofichwa na kichujio. Umechuja wateja wa Mbagala, chini unasoma jumla ya wateja wote. Tumia SUBTOTAL na namba 9 mbele, yenyewe inahesabu inayoonekana tu. Na usibandike kitu juu ya mistari iliyochujwa, kwa kuwa kinaingia pia kwenye iliyofichika, nawe huoni.

Ununuzi wake unahitaji macho. Kuna Microsoft 365, unayolipia kwa mwezi au mwaka na inasasishwa. Na kuna Office 2024, unayoinunua mara moja lakini haiongezewi vipya. Msaada wa Office 2016 na 2019 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo muuzaji wa laptopu akikusifia kwamba kakuwekea Office 2016, jua hakuna marekebisho ya usalama yanayokuja tena, na fomula za FILTER na SORT hazimo. Kwa Office ya kununua mara moja, zilianza na toleo la 2021. Ile ya kuwekewa na fundi kwa elfu kumi bila leseni usiiweke kwenye kompyuta yenye hesabu za watu. Kama fedha haipo, Excel ya kwenye kivinjari ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, na inapanga na kuchuja vizuri.

Angalia pia aina ya faili. Lenye mwisho wa .xlsx lina mistari 1,048,576, la kizamani,.xls, linaishia 65,536. Mwaka 2020 Uingereza ilikosa kuhesabu kwa wakati wagonjwa 15,841 wa korona kwa sababu ya faili la kizamani lililojaa, na mistari iliyozidi ikaachwa nje. Kama bado unafungua .xls, lihifadhi upya leo.

Nafasi ya tatu: LibreOffice Calc

Bure kabisa, halali kabisa, na haihitaji mtandao baada ya kuiweka. Inafungua faili za Excel, ina mistari ileile 1,048,576, inakubali orodha maalumu za kupanga, na kichujio chake cha masharti kinaweza kunakili matokeo kwenda ukurasa mwingine bila kugusa jedwali la asili. Kwa duka lililo mbali na mnara, au shule inayotunza ada kwenye kompyuta moja ya zamani, mimi ndiyo ninayoweka. Imeshuka nafasi ya tatu kwa sababu watu wawili kuhariri kwa pamoja ni shida, na kwenye simu haikufai. Sura yake ni ya kizamani pia, lakini hilo mtu anazoea kwa wiki.

Nafasi ya nne: Odoo

Hii ni programu nzima ya biashara kutoka Ubelgiji: mauzo, stoo, ankara. Humo huwezi kupanga safu moja ukaiacha nyingine, maana mteja ni kitu kimoja kwenye hifadhidata na hakuna seli za kuhamahama. Orodha zake ni raha. Unachuja ankara zisizolipwa, unazikusanya kwa mteja kisha kwa mwezi, unaficha safu usizozihitaji, halafu unahifadhi mpangilio huo kuwa kipendwa chako au unawashirikisha wenzako.

Ukiwa na matawi matatu na mhasibu wa kuajiriwa, Odoo ingekuwa ya kwanza kwenye orodha yako. Kwa duka moja ni mzigo. Moduli moja, yaani sehemu moja kama stoo au ankara, kwenye seva zao ni bure, lakini ukiongeza ya pili unalipia kila mtumiaji kila mwezi. Kuna toleo la jamii lisilo na malipo ambalo unaliweka kwenye seva yako, na hapo gharama inahamia kwa fundi. Mtafute fundi huyo kabla, usimtafute siku imegoma.

Nafasi ya tano: Airtable

Nzuri kwa macho, mstari hauachani na taarifa zake unapopanga, na jedwali moja unaweza kulitazama kama orodha, kalenda au kadi. Ila mpango wa bure unaishia mistari 1,000 kwa kila hifadhi, yaani kila mkusanyiko wa majedwali unaoufungua. Duka la mistari 100 kwa siku linaujaza kwa siku kumi. Inamfaa mpambaji wa harusi au mwenye nyumba za kupangisha, ambaye orodha yake ni fupi na kila mstari una mambo mengi.

Yoyote utakayoichagua, usilipe kabla hujaijaribu kwa data yako mwenyewe. Data ya mfano ya muuzaji ni safi mno, haina "simenti" wala 18,000/=. Ingiza mistari kama 200 ya kweli, uipange kwa jina, kwa tarehe, kwa deni, kisha mchukue mteja mmoja unayemjua vizuri uone kama bado anadaiwa kilekile. Mwite karani achuje huku wewe umefungua jedwali hilohilo kwenye simu. Mwisho, toa jedwali zima kama faili la CSV, yaani la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, ulifungue kwa Notepad, si kwa Excel, maana Excel itazila sifuri za simu yenyewe ukadhani kosa ni la programu unayoijaribu. Ukiona mistari yote ipo na kila namba ina sifuri yake, data yako utaweza kuondoka nayo siku yoyote ukitaka kuhama.