En-ROADS: Kijana Anapokabidhiwa Sera za Tabianchi za Dunia Nzima

Vijana tunaofuatilia masuala ya mabadiliko ya tabianchi tumezoea kualikwa mikutanoni tusome tamko na kupigwa picha, kisha mashauriano yenyewe yakaendelea bila sisi. Kwa sababu hiyo nimeona inafaa kuitathmini En-ROADS, programu ya mtandaoni inayomwezesha mtu yeyote kujaribu sera za tabianchi za dunia nzima na kuona papo hapo jinsi zinavyobadilisha joto la mwaka 2100. Imetengenezwa na shirika la Climate Interactive kwa ushirikiano na kampuni ya Ventana Systems na MIT Sloan, shule ya biashara ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani. Haina malipo wala haidai usajili. Unaifungua kwenye kivinjari na kuanza kazi.

Kila kitu kiko kwenye ukurasa mmoja. Juu kuna grafu mbili, moja ya vyanzo vya nishati vya dunia kwa rangi mbalimbali na nyingine ya uzalishaji wa gesijoto, na pembeni yake imeandikwa kwa herufi kubwa namba ya ongezeko la joto. Usipogusa chochote, namba hiyo inazidi nyuzi 3 za sentigredi juu ya kiwango cha kabla ya enzi ya viwanda, ilhali Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unataka ongezeko libaki chini kabisa ya nyuzi 2 na juhudi zifanyike lisivuke nyuzi 1.5. Chini ya grafu kuna vidhibiti vya kusogeza: makaa ya mawe, mafuta, gesi, nishati jadidifu, bei ya kaboni (tozo kwa kila tani ya hewa ya kaboni inayotolewa), ukataji wa misitu, gesijoto za kilimo na taka, na vinginevyo.

Nilianza na upandaji miti, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo vijana huhimizwa kuifanya kuliko nyingine zote. Nilikisogeza kidhibiti chake hadi mwisho, na joto likashuka kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja. Sababu inaeleweka: mti huchukua miongo kadhaa kukua na kufyonza kaboni ya kutosha, na ardhi ya kupandia ina kikomo, wakati mitambo inaendelea kuchoma makaa ya mawe na mafuta kila siku. Sisemi miti isipandwe. Ninachosema ni kwamba mtu mzima anayempa kijana mche na kumwambia kuwa huo ndio mchango wake, huku yeye mwenyewe akiidhinisha mgodi mpya wa makaa, anamnyima kijana huyo ukweli, na programu hii inalionyesha jambo hilo waziwazi kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuzisikia.

Makaa ya mawe yalinifundisha jambo jingine. Ukiyatoza kodi kubwa peke yake, eneo lake kwenye grafu linasinyaa, lakini sehemu ya pengo hilo inajazwa na gesi na mafuta. Bei ya kaboni ndiyo inayopunguza yote kwa pamoja na kushusha joto kwa kiasi kikubwa, ingawa grafu ya gharama za nishati nayo hupanda, na hapo ndipo swali la mwananchi wa kipato cha chini linapoingia. Methani, gesijoto itokanayo na mifugo, taka na uvujaji wa gesi, ambayo vijana wengi hatuitaji hata kwenye mabango yetu, ina uzito mkubwa kwa sababu hudumu angani kwa takriban miaka 12 tu, hivyo kuipunguza huleta nafuu mapema. Hakuna kidhibiti kimoja kinachotosha kutufikisha chini ya nyuzi 2. Ni lazima uchanganye vingi. Aidha, katika mipangilio ya ndani unaweza kubadilisha mwaka ambao kodi itaanza kutozwa, na ukiisogeza mbele kwa miongo miwili utaona gharama ya kusubiri katika namba ileile ya joto.

Upungufu wake mkubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba inaichukulia dunia kama nchi moja. Tani ya kaboni ya taifa tajiri na ya taifa maskini zinahesabiwa sawa, na hakuna mahali panapoonyesha nani alipe. Inaonyesha kina cha bahari kitakavyopanda, lakini hakuna kidhibiti cha fedha za hasara na uharibifu, yaani za kuzisaidia nchi maskini zilizoathiriwa na mabadiliko ya tabianchi, ambazo mataifa yalikubali kuziundia mfuko huko Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022. Swali la wajibu limetafutiwa majibu kwingine: wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini walianza mwaka 2019 kushinikiza suala hilo lipelekwe kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na Julai 2025 mahakama hiyo ikatoa maoni ya ushauri kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi. Kijana atakayeitegemea En-ROADS peke yake anaweza kuijua sana kodi ya kaboni na asiwe na la kusema kuhusu haki.

Naishauri itumike kwa kikundi, katika igizo dhima ambalo watengenezaji wenyewe wameliandaa, ambapo washiriki hugawanywa kuwa serikali, kampuni za nishati, wakulima, wanaharakati na wengineo. Katika kikao nilichohudhuria niliwekwa upande wa kampuni za mafuta na gesi, nikalazimika kujibu hoja ambazo kwa kawaida ni mimi ninayezitoa, na wenzangu wakalazimika kutaja kiwango cha kodi na mwaka wa kuanza badala ya kudai tu kwamba hatua zichukuliwe. Mwezeshaji ajitahidi kutenga muda wa kutosha baada ya igizo ili kikundi kijadili nani atabeba gharama za sera kilizochagua, kwani mjadala huo haumo ndani ya programu na vijana ndio wanaouhitaji zaidi.