Meza ya epo soko la Mwanga, Kigoma: fuata zile za kijani

Matunda ya kutoka nje yakifika Kigoma huwa yameshachoka. Yamepita Dar, yamepigwa na jua njiani, yakifika yanapangwa juani tena. Kwa hiyo nikisema kuna mama upande wa matunda, soko la Mwanga, ambaye epo zake bado zinalia kacha ukizing'ata, sisemi jambo dogo. Boksi liko kivulini, limefunikwa gunia lililoloweshwa, na anatoa chache chache kadiri wateja wanavyokuja.

Anauza nyekundu na kijani. Niliponyoosha mkono kwenye nyekundu akaniambia, "Mwanangu, hizo wanachukua wanaokwenda kuona wagonjwa. Kama ni za kula wewe, beba za kijani." Ana haki. Red Delicious ilianzia shambani kwa Jesse Hiatt, Iowa, Marekani, na mwanzoni haikuwa nyekundu hivyo. Wakulima wakaendelea kuchagua matawi yanayotoa rangi kali zaidi, na utamu ukabaki nyuma. Ukiila leo inaacha unga mdomoni.

Ya kijani ndiyo habari yenyewe. Kibandiko kinasema Granny Smith, Afrika Kusini, na wateja wengi pale wanadhani hilo ni jina la kampuni. Ni jina la bibi wa kweli. Maria Ann Smith alizaliwa Uingereza mwaka 1799, akahamia Australia na mumewe mwaka 1838, na baadaye wakawa na shamba la matunda Eastwood, karibu na Sydney. Inasimuliwa kwamba alimwaga masalia ya epo za Tasmania kando ya kijito, na hapo mche ukajiotea. Mwaka 1868 aliwaita wakulima waje kuutazama. Akafariki mwaka 1870, kabla tunda lake halijavuma. Mkulima wa hapo hapo, Edward Gallard, akaipanda kwa wingi, na mwaka 1890 ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya kilimo ya Castle Hill ikiitwa Smith's Seedling, yaani mche wa Smith. Mwaka uliofuata ikashinda hapo hapo kwenye kundi la epo za kupikia, safari hii ikiitwa Granny Smith's Seedling: "Granny", yaani Bibi, ilikuwa imeshatangulia.

Jambo linalonigusa ni hili: epo haifuati mbegu. Panda mbegu ya Granny Smith, utapata mti mwingine kabisa, pengine wa matunda yasiyolika. Lazima kubebesha, yaani kuunganisha kitawi chake kwenye shina la mti mwingine, kama wanavyofanya wauza miche ya embe. Maana yake kila mti wa Granny Smith duniani ni kipande cha ule mche wa kijitoni. Sisi wa Ujiji jambo hili si geni kwetu: miembe iliyopo kwenye kumbukumbu ya Livingstone inasimuliwa kuwa ilibebeshwa kutoka kwenye mwembe ule ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Na Livingstone alipoingia Ujiji mwaka 1869, bibi yule wa Eastwood alikuwa bado hai, mti wake ungali mchanga. Nauheshimu sana umri wa tunda hili kila ninapolikata.

Bei ni shilingi 1,000 kwa moja, na hapunguzi hata ukichukua nyingi. Kwa familia kubwa ni mzigo. Epo za Njombe, ambazo ni ndogo na nafuu, huzileta mara chache mno, na hilo ningependa alirekebishe. Lakini habandiki uongo, wala hachanganyi za jana na za leo. Akikuta yenye jeraha anaikata mbele yako na kukuonjesha bure.

Ukali wa epo hizi za kijani usikutishe. Mimi nyingine nilizimenya, nikazipika na sukari kidogo na mdalasini, vipande vikabaki vizima bila kuvurugika, tukala na chapati. Nenda asubuhi, uliza boksi lililofunguliwa siku hiyo, na uchague ngumu zenye kijani kilichokolea. Zilizoanza umanjano zimepoa ukali, wapelekee watoto.