TAHADHARI: Gari la umeme "jipya" la Sharjah na kijana anayezungumza Kiswahili chetu

Leo asubuhi, hapa kwangu Maskati, gari limebebwa tena na lori. Mara ya saba, na miezi sita haijatimia tangu nilinunue. Majirani wanatoka kwenda kazini, watoto wamesimama na mikoba yao ya skuli wanatazama, mimi na nguo zangu za wodini nimeegemea ukuta kama mfiwa. Tangu Aprili nimenyamaza kwa aibu. Leo basi. Nasema yote, na mwenye kunicheka na anicheke, ilimradi asiende na yeye kwa yule kijana wa Sharjah aliyeniuzia akatoa pesa zake.

 

Kila mtu ananiuliza, "Wewe, mtu mzima na akili zako, uliingiaje?" Niliingia hivi.

Tulivuka mpaka wa Oman na Imarati pale Khatmat Malaha Ijumaa mapema, mimi na kaka, tukafika Sharjah saa nne na nusu. Yadi yake imejificha katikati ya yadi nyingine za magari, lakini ofisi safi, kiyoyozi kinavuma, viti vya ngozi. Sijafungua mdomo bado, kaiona tu kanga niliyojifunika begani, akainuka: "Shikamoo dada. Karibuni, karibuni, mmetoka mbali. Kaeni kwanza mnywe kahawa, gari halikimbii." Kiswahili cha Unguja mjini, kile chenyewe. Mlioko nyumbani sijui kama mtanielewa. Mimi nina miaka 19 huku. Wodini ni Kiingereza na Kimalayalam, sokoni Kiarabu, Kiswahili changu ni cha kwenye simu na jikoni kwangu. Mtu akikuamkia kwa lugha ya mama yako katika nchi ya watu, moyo unalegea wenyewe.

Akauliza kwetu wapi. Nikamwambia. Akasema bibi yake kazikwa Mwanakwerekwe, na mjomba wake alikuwa akinadi samaki Malindi ya Unguja. Ikaja kahawa kwenye vikombe vidogo, ikaja halwa, akamkatia kaka kipande yeye mwenyewe. Wakati wa sala ulipofika akafunga ofisi, wakafuatana msikitini, wakaswali safu moja bega kwa bega. Waliporudi kaka alikuwa keshaanza kumwita "ndugu yangu". Mtu ametoka kusujudu pamoja na kaka yangu, nikae nimshuku wizi?

Gari lenyewe lilikuwa mwisho wa safu, jeupe. Viti vyote vimefunikwa nailoni, milango imebandikwa karatasi ya bluu ya kulinda rangi, ndani kunanukia upya. Akanipa kadi, nikagusisha kwenye nguzo ya mlango, gari likafunguka. Skrini ikawaka: kilomita 41. "Arubaini na moja, dada. Hizo za kutoka kiwandani, kupanda melini na kushuka." Nikakaa, nikashika usukani. Ulikuwa umezungushiwa nailoni nyembamba, nikaikwangua kwa ukucha pale inapoungana, nione kama iliwahi kutolewa ikarudishwa. Haikuwahi. Hapo ndipo nilipokwisha. Maisha yangu yote nimeendesha magari ya watu waliokwisha kuyachoka. Hili ningekuwa mimi wa kwanza.

Na ile karatasi ya bluu ya mlangoni niliigusa pia, sitawaficha. Gundi yake ilikuwa imekauka, ikanibandukia mkononi vipande vipande kama ganda la kitunguu. Nikasema labda ni jua la hapa. Nikaipangusa, nikaendelea kutazama viti.

Maandishi ya kwenye skrini yalikuwa Kichina. Akapitisha vidole haraka haraka, nusu yakageuka Kiingereza, nusu yakabaki vilevile. Akasema nikifika Maskati gari litavuta programu mpya lenyewe kwa intaneti. Akatoa na kijitabu cha dhamana, betri miaka 8, akakigonga muhuri mbele yangu. Muhuri wa buluu, wa yadi yake. Sikujiuliza yadi inadhamini vipi betri ambayo haikuitengeneza.

Kaka ndiye aliyeisoma stakabadhi. Kwenye hali ya gari paliandikwa kwa Kiarabu mustaamal, yaani limetumika. Akauliza. Yule kijana hata uso haukumbadilika: "Hilo neno la forodha tu, ndugu yangu. China mfanyabiashara mdogo haruhusiwi kutoa gari jipya nje bila idhini ya kiwanda, basi linasajiliwa kule kwa jina la mtu, halafu linatoka kama lililotumika. Ni karatasi tu. Barabara halijaiona."

Na kinachoniuma ni kwamba hapo hakusema uongo, alisema nusu. Tangu 2019 China inaruhusu magari yaliyotumika kuuzwa nje, na wafanyabiashara wakawa wanapitishia mlango huo magari mapya. Yana jina lake kabisa, ya mkono wa pili yenye kilomita sifuri. Mwezi mmoja tu baada ya mimi kununua, Mei 2025, mwenyekiti wa Great Wall, kampuni ya magari ya China, Wei Jianjun, aliyasema hadharani: magari yanasajiliwa ili yahesabiwe kuwa yameuzwa, kisha yanaonekana yananadiwa kama yaliyotumika ilhali hayajatembea. Nusu ambayo kijana hakuisema ni kwamba gari likishasajiliwa kule, saa ya dhamana imeshaanza kuhesabu, na gari lenyewe linaweza kukaa uwanjani muda wowote.

Nikalipa dirham 74,000. Wakala wa kiwanda hapa Maskati gari la aina hiyohiyo alinitajia riyali 11,500. Hizi dirham zangu ni kama riyali 7,750. Kaka alihesabu noti mara mbili, yule kijana akahesabu mara moja, akazitia kwenye droo bila haraka. Akatusindikiza mpaka barabarani. Akasema "nisalimieni mama".

Wiki ya tatu nimetoka zamu ya usiku, saa moja asubuhi, nafika kwenye maegesho mlango haufunguki. Kadi, simu, hakuna. Betri kubwa ina asilimia 80 na gari ni maiti, kwa sababu milango, skrini na kila kinachotoa amri vinakula kwenye betri ndogo ya volti 12, ile ile kama ya gari la petroli, nayo ilikuwa imekufa. Nikampigia. "Pole dada, jambo dogo hilo, weka nyingine." Nikaweka, riyali 38, nikamwambia ahsante. Nilimshukuru!

Juni kiyoyozi kikaanza kutoa upepo wa moto. Kwenye gari hili gesi ya kiyoyozi ndiyo inayopoza na betri, kwa hiyo hata kuchaji kukawa kwa kudonoa. Gesi, kisha kompresa. Kompresa ya aina hiyo hapa hakuna. Yule kijana akasema inatoka Guangzhou, China, nitume riyali 90 za kuanzia. Nikatuma.

Julai ndiyo siku ambayo sitaisahau. Natoka Sohar na mwanangu, njia kuu, adhuhuri. Betri asilimia 18 kwenye skrini, nyumbani Seeb nafika na ziada. Nikatazama barabara, nikarudisha macho: 3. Siyo 17, siyo 15. Tatu. Gari likajipunguza mwendo lenyewe, mia, themanini, arubaini, malori yananipigia honi nyuma, kiyoyozi kikazima. Nikalisukumia pembeni kabla ya Barka. Joto la Julai mnalijua. Mtoto alikuwa na chupa moja ya maji, nikawa namloweshea kanga namwekea kichwani, ikikauka nailowesha tena. Saa moja na dakika kumi mpaka lori lilipofika. Alikuwa haongei, ananitazama tu, midomo imekauka. Mimi ni muuguzi, najua mtoto akiacha kulalamika kwenye joto maana yake nini. Kwa saa ile peke yake yule mtu alistahili kufungwa.

Nikamtumia picha ya mwanangu pale barabarani. Akanijibu kwa sauti, ninayo mpaka leo: "Dada, magari ya umeme ndivyo yalivyo, yanataka subira."

Fundi wa Wadi Kabir, hapa Maskati, alinieleza. Betri kubwa ni seli nyingi zilizopangwa pamoja, na gari likikaa muda mrefu bila kutumika nyingine zinashuka kuliko wenzake. Skrini inasoma jumla, lakini seli dhaifu ikifika chini, gari zima linasimama nayo. Akazisawazisha kwa kulichaji polepole siku mbili, akaniambia wazi kwamba itarudi. Mara ya nne ilikuwa tundu la kuchajia. Ni la mfumo wa China, GB/T, vituo vya huku ni vya mifumo mingine, Type 2 na CCS2. Kwa umbo tundu za kuchajia nyumbani zinafanana lakini haziingiliani. Adapta aliyoniuzia yule kijana kwa dirham 600 ililainika kwa moto, ikanuka nyumba nzima saa nane usiku watu wamelala. Ya tano pampu ya maji ya betri. Ya sita kompresa tena. Ya saba leo, na sijui ni nini. Ukiacha bei ya gari nimeshatoa riyali 1,140.

Kwa wakala nilikwenda pia, nikiwa na kijitabu changu chenye muhuri. Yule binti wa mapokezi alikuwa na adabu, akaingiza namba ya chasisi, akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe: hakuna kitu. Gari halikutengenezwa kwa soko la Ghuba, programu yake hawana, dhamana haiko kwao. Na ile programu ya kujivuta yenyewe haikuja kamwe, maana akaunti inataka namba ya simu ya China.

Fundi ndiye aliyenifumbua macho. Alichuchumaa kwenye tairi la mbele na tochi ya simu, akaniita. Ubavuni mwa tairi, ndani ya kiduara kidogo, tarakimu nne: 2323. Wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tukazunguka tairi zote nne, wiki hiyo au jirani yake. Kisha namba ya chasisi. Inaanza na L, ni China, hapo sawa. Herufi ya kumi, inayoonyesha mwaka, ni P. P ni 2023, R ni 2024, S ni 2025. Karatasi yangu imeandikwa 2025. Karibu miaka miwili gari limekaa mahali juani, betri yake inajifia polepole, nailoni iko usukanini. Nikaikumbuka ile gundi mkononi mwangu. Niliishika, jamani. Niliishika na vidole hivi.

Nikampigia yule kijana siku hiyohiyo. Nikamsomea zile herufi moja moja. Akanyamaza, akasema kuna mteja, atanirudia. Tangu hapo kanifungia. Kaka kampigia kwa namba nyingine, kusikia sauti yake kakata. Kompresa ya Guangzhou na riyali zangu 90 sijaviona.

Huyu mtu anatakiwa afungiwe leseni, na akitoka hapo mahakamani. Siyo kurudisha pesa halafu yaishe. Anawawinda watu wa kwetu makusudi, anakaa anasubiri kanga na kofia za viua ziingie mlangoni. Kahawa ile ni mtego, halwa ile ni mtego, na sala kama aliigeuza mtego, kwa hilo ana Mola wake, mimi simsemei. Lakini hili la duniani nitalifuata mpaka mwisho. Nimeshapata wengine watatu waliouziwa na yeye, mmoja ni mzee wa Nizwa, hukuhuku Oman, aliyetoa kiinua mgongo chake chote, gari limekaa uani limefunikwa turubai. Mzee wa watu analia. Mtu wa namna hiyo anatembeaje mchana?

Jina lake na la yadi siyaandiki hapa. Imarati ukimtaja mtu mtandaoni kesi inaweza kukugeukia wewe, na mimi siko tayari kumpa hata hiyo nafasi. Anayetaka kujua anipigie, nitamwambia kwa mdomo.

Mnaoniuliza mtazame nini: tairi na herufi ya kumi, hayo mawili hayahitaji fundi, ni dakika tano. Tundu la kuchajia ni la mfumo gani. Namba ya chasisi ipelekwe kwa wakala wa nchi yako kabla pesa haijatoka, siyo baada. Na neno mustaamal kwenye karatasi, awaye yote atakayekueleza kwamba ni la forodha tu, mwachie kahawa yake mezani uondoke. Mengine muulizeni fundi, mimi leo kichwa changu hakitulii.

Kaka kachukua ruhusa kazini. Jumatatu tunavuka, mimi, yeye na mtoto wa yule mzee wa Nizwa, tunakwenda kufungua malalamiko hukohuko Sharjah kwa sababu mauzo yalifanyika huko. Hapa Maskati ndivyo tulivyoelekezwa. Nina stakabadhi, kijitabu, picha za tairi, sauti zake zote. Kama na wewe una karatasi yenye muhuri ule wa buluu, piga picha pande zote mbili, nitumie kabla ya Jumapili usiku. Tukiwa wanne watatusikiliza, tukiwa kumi hawataweza kutuambia turudi kesho.