TAHADHARI: Wanaouza "trafiki" ya blogu hapa Dar wanakuuzia roboti, na akaunti yako ya AdSense ndiyo inayokufa

Wadau wenye blogu, hasa mlioko Dar, naomba mlisome hili lote na mlifikishe kwa wenzenu. Kuna jamaa wanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram wakiuza kile wanachokiita trafiki. Unalipa leo, wiki hiyohiyo blogu yako inaanza kuonyesha maelfu ya watembeleaji. Bei ninazozisikia zinaanzia elfu themanini hadi laki mbili kwa mwezi, kutegemea kifurushi. Msinunue. Hao si wasomaji, ni roboti, yaani programu za kompyuta zinazojifanya watu, na hasara yake haiishii kwenye hiyo laki: inafika hadi AdSense, mpango wa Google wa kuwalipa wenye tovuti kwa matangazo.

Kazi yangu ni kutengeneza na kuhudumia tovuti za watu, niko Sinza. Wanaoniletea tatizo hili wamekuwa wengi, na wengi wao ni watu wanaojituma kwelikweli, wanaoandika usiku baada ya kazi. Inaniuma kuona wanamalizwa namna hii.

Chukua kisa cha dada mmoja wa Tabata. Anaandika kuhusu ushonaji: kupima mwili, kukata gauni la kitenge, kutia zipu isivute. Blogu yake haikuwa kubwa, ila ilikuwa na wasomaji wa kweli, wanawake wanaomwachia maswali na wengine kumpigia simu. AdSense walishamkubali. Ile barua yenye PIN, ambayo Google huituma mapato yakifika dola 10, ilishamfikia kwenye sanduku la posta. Alikuwa anasubiri afike dola 100 ili alipwe kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo jamaa alipomwingia: "Dada, kazi yako nzuri sana ila haionekani. Wewe andika, watu niachie mimi."

Akamlipa kwa simu. Jina lililotokea kwenye muamala halikuwa la yule aliyekuwa anachati naye. Akaambiwa ni la mhasibu. Kesho yake namba zikaanza kupanda, na kwa kuwa zilipanda kweli, akaamini na kununua kifurushi kikubwa zaidi.

Siku aliponiletea simu yake tulifungua Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu watembeleaji, pale panapoonyesha waliopo ndani ya dakika 30 zilizopita. Watu zaidi ya mia tatu. Nikamwambia tuangalie miji wanayotoka. Juu kabisa ilikuwa Ashburn, ikifuatiwa na Boardman, kisha Council Bluffs. Dar es Salaam ilikuwa chini huko, watu wanne. Ashburn iko Virginia, Boardman iko Oregon, Council Bluffs iko Iowa, zote Marekani, na zote zina vituo vikubwa vya kompyuta vya kampuni kama Amazon na Google. Wale hawakuwa watu waliokaa Virginia wakisoma Kiswahili cha kutia zipu. Zilikuwa kompyuta za kukodi, zinaendeshwa na programu inayofungua ukurasa na kuufunga. Muda wa kukaa ukurasani ulikuwa sekunde sifuri. Ukubwa wa skrini, karibu zote 800 kwa 600, kipimo ambacho Chrome hutumia chenyewe inapoendeshwa na programu bila mtu mbele yake. Hakuna simu dukani Kariakoo yenye skrini ya kipimo hicho.

Msitegemee miji peke yake, maana wajanja zaidi wanajua kuipitisha trafiki yao kwenye anwani za Tanzania. Na wapo ambao hawafiki kwenye blogu yako kabisa. Ile namba ya Analytics inayoanza na G na kistari inasomeka na yeyote anayefungua msimbo wa ukurasa wako, kwa hiyo wanaweza kutuma taarifa za uongo moja kwa moja kwenye Analytics, ukaona watu elfu wakati seva yako haijapokea hata mmoja. Linganisha na takwimu za seva zilizoko kwenye cPanel, ukurasa wa kuendeshea tovuti unaopewa na kampuni inayoihifadhi. Kisha fungua Search Console, chombo kingine cha Google ambacho ni cha bure, uone wangapi wamebofya kutoka kwenye matokeo ya Google. Kama Analytics inasema elfu kumi, Search Console haijasogea, hakuna swali jipya kwenye maoni wala simu mpya, basi umeuziwa hewa.

Hewa peke yake ingekuwa hasara ndogo. Kubwa ni AdSense. Matangazo yakifunguliwa na roboti, Google inahesabu hiyo kuwa trafiki batili, na mwenye akaunti ndiye anayewajibika, hata kama aliyeileta ni mtu mwingine. Wanaweza kuisimamisha akaunti kwa muda au kuifunga kabisa, pesa iliyokuwamo ikazuiwa na kurudishwa kwa waliolipia matangazo. Ukishafungiwa kwa kosa hili huruhusiwi kufungua nyingine. Dada wa Tabata alipokea barua pepe ya kufungiwa akiwa amebakiza kidogo tu afike dola 100. Nimemsaidia kuandika rufaa, ikakataliwa.

Alipomrudia yule jamaa, hakukana wala hakuomba radhi. Alimtajia bei nyingine: alipie, afunguliwe AdSense mpya kwa jina na kitambulisho cha mtu mwingine. Huu ndio mtego wa pili, jihadharini nao kuliko wa kwanza. Akaunti yenye jina la mtu mwingine inamlipa huyo mwingine. Alipokataa, jamaa akaizuia namba yake asimpate tena.

Wapo pia wasiotaka pesa nyingi mwanzoni. Wanachotaka ni nenosiri la WordPress, ile programu ya kuendeshea blogu, tena la msimamizi, "ili tuweke mipangilio". Ukishawapa, wanaingiza plagini (programu ndogo ya nyongeza) isiyojulikana inayoficha viungo, yaani linki, vya kamari na dawa za nguvu za kiume ndani ya kurasa zako. Wewe ukifungua blogu huoni kitu, Google inaviona vyote. Jikague hivi: andika kwenye Google neno site, alama ya nukta mbili (:), kisha anwani ya blogu yako bila kuacha nafasi. Zikitokea kurasa ambazo hukuziandika wewe, umeingiliwa. Angalia pia orodha ya watumiaji kwenye WordPress na wamiliki kwenye Search Console, maana wengine hujiandikisha humo kama wamiliki na wanabaki hata ukibadili nenosiri.

Kuhusu ahadi ya "namba moja Google ndani ya siku saba": Google wenyewe wameandika kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Viungo vya kununua kutoka tovuti za takataka, ambavyo wauzaji hawa huvitumia kukupandisha, Google wanavipiga vita waziwazi tangu sasisho lao la Penguin la 2012.

Na hizo skrinishoti za mapato wanazotuma zisiwababaishe. Namba yoyote iliyo kwenye ukurasa wa intaneti inabadilishwa kwenye kivinjari kwa dakika moja, unabofya kulia, unaandika unachotaka, unapiga picha. Anayedai ana wateja mwambie mkutane, afungue akaunti mbele yako na aupakie ukurasa upya ukiwa unatazama.

Nisiwaonee wote. Wapo vijana hapa mjini wanaofanya kazi hii kwa haki: wanakuendeshea tangazo la Facebook au la Google kwenye akaunti yako mwenyewe, unaona kila shilingi ilikokwenda na aliyebofya anatoka wapi. Ukimuuliza trafiki inatoka wapi, anajibu. Wa kuogopwa ni anayesema "hiyo ni siri ya kazi".

Najua kwa nini watu wananasa. Wenye blogu za habari wanatakiwa kuwa na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tangu kanuni za 2018, na leseni ina gharama. Kampuni inayohifadhi tovuti inataka chake, bando linataka lake. Mtu akisikia kuna njia ya mkato, anasikiliza. Lakini kununua roboti ni kama kukodi watu wajae dukani kwako bila shilingi mfukoni. Mwisho wa siku hujauza na kodi ya pango iko palepale.

Yule dada alikuwa na kitu ambacho hakukijua. Search Console yake ilionyesha watu wanamfikia kwa maneno kama "vipimo vya gauni la mtoto", na yeye alikuwa ameligusia hilo kwa mistari miwili tu ndani ya makala nyingine. Tukalitenga likawa makala kamili, yenye jedwali la vipimo kwa umri. Picha zake zilikuwa na uzito wa megabaiti kadhaa kila moja, mtu mwenye bando la siku alikuwa anakata tamaa kabla ukurasa haujafunguka, tukazipunguza. Hakuna miujiza hapo. Wasomaji wanaongezeka polepole na kila mmoja ni mtu. Sasa anachukua oda za kushona kupitia humo na kuuza patani (michoro ya kukatia nguo), hategemei tena matangazo ya Google.

Kama umeshanunua na bado hujafungiwa, fanya haraka. Ondoa matangazo ya AdSense kwenye blogu leo, mwambie muuzaji asimamishe, kisha uwaandikie AdSense kupitia fomu yao ya kuripoti mibofyo batili, ueleze ulichokiona na tarehe zake. Haikuhakikishii kupona, ila ni bora kuliko wao kukigundua wenyewe. Badili nenosiri la WordPress, la cPanel na la barua pepe iliyounganishwa navyo.

Kwa waliokwisha kupigwa: msifute chati kwa hasira. Hifadhini ujumbe wa muamala, namba iliyopokea, jina lililotokea na mazungumzo yote. Namba ya tapeli na meseji yake ziripotiwe kwenda 15040, na uende kituo cha polisi ufungue RB, yaani uandikishe taarifa ya kosa. Utapeli wa aina hii umo ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Dada wa Tabata ameshafungua ya kwake. Namba na majina siyaweki hapa kwa sababu shauri liko mikononi mwa polisi na laini hizo zinaweza kuwa zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote. Na wewe piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika waifute.