Fundi wa kompyuta shuleni: ya umma au ya binafsi?

Umemaliza diploma ya TEHAMA na umepata nafasi mbili, zote Kenya: sekondari ya umma huko kwenu, au shule ya kimataifa jijini Nairobi.

Kwenye ya umma, usidhani mwajiri wako ni TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu. TSC huajiri walimu. Wewe utaajiriwa na bodi ya usimamizi ya shule, na mshahara utategemea karo na mgao wa serikali. Mgao ukichelewa, nawe unasubiri. Lakini utajifunza kwa haraka, maana uko peke yako. Asubuhi unaondoa virusi kwenye flashi ya mwalimu, mchana umeme umekatika, jioni unasaidia kusajili watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kwenye mtandao wa KNEC, baraza la mitihani. Siku ya mwisho ikikaribia na ukurasa ukakataa kufunguka, macho yote yanakugeukia. (Televisheni ya ofisi ya mwalimu mkuu nayo ni kazi yako, hata kama mkataba hausemi.)

Kwenye ya binafsi, kwa kawaida mshahara ni wa uhakika zaidi na kuna mkuu wa kitengo wa kukuelekeza. Ila unaweza kupewa kipande kimoja tu: projekta na nywila zilizosahaulika. Soma mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka muda wa majaribio usiozidi miezi 6, na hauongezwi bila ridhaa yako.

Mimi ningechagua ya umma, mradi nalala nyumbani kwa wazazi. Mwenye kodi ya nyumba ya kulipa aende Nairobi.