TAHADHARI: Pawa saplai za "650" zinazouzwa kwa jina la wati 650

Wakuu, naandika hii kwa sababu jamaa bado yuko hewani anatangaza. Anauza vipuri vya kompyuta za mezani mtandaoni, anasema duka liko Kariakoo, na mzigo anakutumia kwa basi popote ulipo. Jina silitaji. Ukurasa wake keshaubadilisha jina mara moja, na kuubadilisha tena hakumgharimu kitu. Nitaeleza mchezo wenyewe unavyochezwa, mtamjua, yeye na wenzake.

Binamu yangu yuko Mwanza, alikuwa anajiundia mashine ya kuhariri video na kucheza gemu. Prosesa ni Core i5-10400F, kadi ya picha ni GTX 1660 Super. Si mashine ya kutisha. Prosesa imekadiriwa wati 65, kadi wati 125, kwa hiyo pawa saplai (kile kisanduku kinachoilisha mashine nzima umeme) ya kweli ya wati 450 inaibeba bila kutoa jasho. Jamaa akamuuzia ya "wati 650" kwa shilingi 45,000, na juu yake akamtupia waya wa kuungia kadi ya picha, "wa bure huo, bosi wangu".

Mashine iliwaka vizuri tu. Word, muziki, sinema, hakuna shida. Ila ukifungua gemu, kadi ikianza kuchapa kazi, kioo kinakuwa cheusi, mashine inazima na kujiwasha upya yenyewe. Mwisho ikafika mahali ukibonyeza swichi feni inashtuka kidogo halafu inasimama. Binamu akampigia muuzaji, na jamaa hakuuliza hata swali moja: "Mazabodi imeungua hiyo, umeme wenu wa huko mbovu. Tuma 180,000 nikupatie nyingine."

Utapeli hasa uko hapo. Pawa saplai ni chambo tu. Pesa anayoitaka ni ya mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ambayo atakuuzia wakati yako haina tatizo lolote.

Bahati nzuri binamu alinipigia kabla hajatuma. Nikamwomba picha ya stika iliyo ubavuni mwa pawa saplai. Kwenye katoni na kwenye bati lenyewe imeandikwa 650, kubwa, nyekundu. Tafuta herufi W pembeni yake, huioni. Hiyo ni namba ya modeli tu, na aliyeibuni alijua utaisoma vipi. Ukweli uko kwenye kale kajedwali ka maandishi madogo: +12V, 16A, yaani volti 12, ampea 16. Zidisha 12 kwa 16 unapata wati 192. Prosesa na kadi ya picha zinakula kwenye laini hiyohiyo ya volti 12, laini za volti 5 na 3.3 haziwezi kuisaidia. Sasa 65 na 125 ni 190, hujaweka feni wala diski, na kadi ikikurupuka inavuta zaidi ya makadirio yake kwa muda mfupi. Halafu hiyo 192 yenyewe ni ahadi ya stika.

Na ule waya wa bure? Pawa saplai ya wati 650 za kweli inatoka kiwandani na waya wake wa pini 8 wa kadi ya picha. Hii haikuwa nao, ndiyo maana akaweka kiunganishi cha kuchukua umeme kwenye plagi za molex, zile za pini 4 za diski za zamani. Ukipewa zawadi hiyo, shtuka.

Fundi wa kule aliipima kwanza ikiwa nje ya mashine: akaunga waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa ya pini 24 ili iwake bila mazabodi, feni ikazunguka, mita ikasoma 12.1 kwenye waya wa njano. Akasema nzima. Wengi wanapotelea hapo, maana bila mzigo, yaani bila kitu kinachovuta umeme, hata feki inasoma vizuri. Nikamwambia airudishe kwenye mashine, ashike mita kwenye molex, njano na nyeusi, halafu awashe. Ikaporomoka hadi 10.7. Kiwango cha ATX, kinachofuatwa na pawa saplai za kompyuta za mezani, kinaruhusu volti 11.4 hadi 12.6, basi. Wakaazima pawa saplai ya jirani, mazabodi ileile "iliyoungua" ikawaka, na gemu likachezwa jioni yote.

Fundi aliifungua baadaye. Sehemu za kuweka vichujio vya umeme unaoingia zilikuwa tupu, zimerukwa kwa vipande vya waya. Wewe usijaribu kufungua kama si fundi. Kwa umeme wetu wa volti 230, kapasita kubwa mle ndani, zinazohifadhi umeme, hubeba takriban volti 325, na zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi.

Kama mashine yako inazima ghafla, usikimbilie kununua. Angalia soketi na ekstensheni, plagi ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa kama imezama vizuri, na ile swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai kama iko 230. Ikiwa 115, inalipuka pale unapochomeka, na muuzaji atasema umeichoma mwenyewe. Kisha azima pawa saplai ya uhakika ujaribu. Mazabodi ije mwisho kabisa. Na msinunue za HP au Dell za ofisini zilizotumika kwa kuvutiwa na bei, nyingi plagi zake hazioani na mazabodi za kawaida.

Hela haijarudi. Kwanza ilikuwa "mzigo ukitoka dukani haurudi", baadaye akambloku. Tume ya Ushindani, FCC, inashughulikia bidhaa bandia, lakini binamu alilipa kwa simu bila risiti ya EFD, na hana karatasi inayosema aliuziwa wati 650. Mkinunua, dai risiti iliyoandikwa modeli na wati.

Juzi nilimwandikia kwa namba nyingine, nikaomba picha moja tu ya kajedwali ka +12V. Akatuma picha ya katoni, upande wa mbele. Nikaomba tena. Akajibu: "Bei 45 tu bosi, unachukua au huchukui?"