Kupima maji ya tangi la samaki: karatasi au matone?

Karatasi za kupimia ni za haraka: unachovya, unangoja dakika moja hivi, unalinganisha rangi. Kwa ugumu wa maji (wingi wa madini kama chokaa) zinafaa, na kama unatumia maji ya kisima hapa Mombasa, hilo ndilo la kwanza kujua. Lakini kopo likifunguliwa mara kwa mara kwenye unyevu wetu wa pwani, karatasi huharibika na kuanza kudanganya. Tena nyingi hazipimi amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, ambayo ndiyo huwaua kwenye tangi jipya, hasa maji yakiwa ya moto na pH (kipimo cha asidi na besi) iko juu.

Matone ya dawa ya kupimia yana kazi: kijichupa, mililita 5 za maji, kuhesabu matone, kungoja rangi. Bei inauma mwanzoni, ila seti moja hupima mara nyingi. Amonia ikiwepo, manjano hugeuka kijani. Tazama mchana karibu na dirisha, usiku kwenye taa hafifu utabahatisha tu. Chupa ya pili ya dawa ya kupimia nitrati (kinachobaki bakteria wakishavunja amonia) itikise kwelikweli, maana dawa hutuama na jibu likatoka dogo kuliko hali halisi. Usitarajie usahihi wa maabara, lakini kujua kama amonia ipo au haipo, inatosha. Mimi ningenunua matone ya amonia na ya nitriti (sumu inayotokea amonia ikiwa njiani kuwa nitrati) kwanza, karatasi ziwe za kuchungulia tu.